Semeni Chiis

Mwezi uliopita niliandika makala ya maneno 1,200 kuhusu jibini kumi na mbili zinazoshikana vizuri na divai. Mteja yuko mbali, sura yake siijui, lakini hulipa kwa wakati, kwa hivyo sikuuliza maswali mengi. Nikaeleza jinsi brie inavyolainika ikitolewa kwa friji mapema, na kwa nini gorgonzola haitaki kuharakishwa. Kati ya hizo kumi na mbili nimeonja moja tu, ile ya kuvutika juu ya pizza, tena kwa sherehe ya mtu mwingine hapa Nyeri mjini. Mteja akajibu kwamba anaona kabisa mwandishi anaipenda jibini. Nilicheka peke yangu kwa keja mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya hapo neno lenyewe likanikwama. Nimelijua maisha yangu yote na sijawahi kuliwa na hamu ya kitu linachokitaja. Nikaanza kuhesabu ni mara ngapi limenipitia, na kila mara lilikuja likiwa limevaa nguo tofauti.

La kwanza ni jibini. Hili tulilipata shule ya msingi, kwenye orodha ya vyakula, kati ya siagi na mayai. Kitabu kilikuwa na mchoro wa pembetatu ya manjano yenye mashimo. Mwalimu alisema ni maziwa yaliyogandishwa, akaendelea na soseji. Neno limetoka Kiarabu, jubn, likaingia kupitia pwani, na huko pwani nadhani lina mdomo wa kuliwa. Kwetu mlimani lilifika likiwa la mtihani. Mtoto wa Mukurwe-ini aliyeamka saa kumi na moja kumsaidia mamake kukama alijua kuandika jibini bila kosa, na hakuna hata mmoja darasani aliyeuliza yale maziwa tunayopeleka barabarani kila asubuhi yanahitaji nini zaidi ili yawe ile pembetatu.

La pili ni chizi. Kamusi zinakubali kwamba chizi ni jibini, cheese ya Waingereza iliyotiwa irabu mwishoni ili isianguke. Lakini ukimwita mtu chizi, hakuna atakayefikiria maziwa. Chizi ni mtu ambaye waya zimegusana kichwani. Kuchizika ni kupagawa, kwa ugonjwa au kwa mapenzi au kwa Arsenal. Halafu wenzetu wa Bongo wakaligeuza tena: machizi ni marafiki, watu wako wa mtaa, wale mnaoelewana bila maelezo. Nyimbo zao zilivuka mpaka na neno likavuka nazo. Steji ya Nyeri nimemsikia makanga akimwita abiria “chizi wangu” akimsukuma kwa gari la Karatina, na abiria akaingia bila kukasirika. Wazimu na urafiki kwa neno moja. Sioni ajabu hapo. Rafiki wa kweli ni yule unayeweza kumtusi.

Wamarekani nao, hasa wale wa rap, cheese kwao ni pesa, na cheddar pia. Hiyo haikushika sana kwetu. Tulikuwa na doh, chapaa, ganji na mkwanja, soko lilikuwa limejaa.

Lakini kuna cheese ambayo inaniuma, na ndiyo imenifanya nikae chini kuandika haya bila kulipwa dola. Ni ile ya mpigapicha.

Mimi ni Mgĩkũyũ wa Nyeri. Kwa Gĩkũyũ herufi c haisomwi ch, inasomwa sh, na kwa midomo mingine inasogea hadi s. Cai ni shai. Cũcũ, nyanya yako, ni shosho. Pesa ilipopanda mlima ikawa mbeca, na hiyo tunaitamka mbesha. Z nayo hatuna: mzungu kwetu ni mũthũngũ. S ya Kiswahili mara nyingi huishia kwa th: sabuni ni thabuni, soko ni thoko, simu ni thimũ. Haya si makosa. Ni kanuni, na inafanya kazi kwa uaminifu kuliko kanuni nyingi za serikali. Neno geni linafika mlangoni, linavuliwa viatu, linapewa vya nyumbani, linakaribishwa. Cheese ikipita mlango huo inatoka ikiwa shiis, au kwa mzee zaidi, shithi.

Sasa chukua kijana aliyeongea hivyo nyumbani, shuleni, kanisani na sokoni kwa miaka kumi na tisa, umpeleke chuo kikuu. Wiki ya kwanza tuliambiwa tujitambulishe. Nikasema nilizaliwa Mathari. Kwa mtu wa Nyeri, Mathari ni hospitali ya misheni ya Consolata, huko wengi wetu tumezaliwa na kule karibu kuna lile kanisa la Waitaliano alimozikwa Duke wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita. Kwa mtu wa Nairobi, Mathari ni hospitali ya wagonjwa wa akili, basi. Darasa likacheka. Nikajaribu kueleza, na maelezo yakaja na sh zake zote, wakacheka zaidi. Hapo nikawa chizi, na si kwa maana ya Bongo.

Baadaye tukapigwa picha ya kundi. Mpigapicha akasema semeni cheese, nikasema, na jamaa mmoja nyuma yangu akairudia nilivyoisema, polepole, kama anayeonja. Mpaka muhula ukaisha hilo ndilo lilikuwa jina langu. Shiis. “Shiis ako wapi?” “Muulize Shiis.” Wakenya wana neno la jambo hili, kushrabu, yaani lugha ya mama kuchungulia ndani ya Kiingereza au Kiswahili chako. Ukishrabu mara moja unakumbukwa. Sitadai niliacha chuo kwa sababu ya herufi. Niliacha kwa sababu karo ilishindikana na mama alikuwa ameuza ng'ombe wa kwanza na akaanza kumwangalia wa pili kwa jicho lile. Lakini kabla karo haijaisha nilikuwa nimeshaacha kuongea darasani. Nilikuwa na jibu na nilibaki nalo. Mwalimu aliuliza, mimi nikapima kichwani kama sentensi ina ch ngapi na z ngapi, na nilipomaliza kuhesabu mtu mwingine alikuwa ameshajibu.

Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi mtoto aliyesikika akiongea Gĩkũyũ shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa mjinga. Tunasoma hayo tunatikisa vichwa, tunasema ukoloni ulikuwa mbaya. Wale walioniita Shiis walikuwa wamekisoma kitabu hicho, tulikisoma pamoja.

Kwa hivyo ninapoangalia vichekesho vyetu vya jukwaani na vya simu, naangalia nikiwa na kesi. Hesabu ni wangapi kati ya wachekeshaji wanaoibuka kila mwaka ambao silaha yao ya kwanza ni lafudhi. Mluhya anaongea hivi, Mkamba hivi, Mjaluo hivi, na Mkikuyu anachanganya r na l: kura inakuwa kula, kula inakuwa kura, ukumbi unapasuka. Mimi pia hucheka. Sitajifanya mtakatifu. Ila nimejaribu zoezi moja na nakuomba ulijaribu: sikiliza mzaha huo, kisha utoe lafudhi, uone kinachobaki. Mara nyingi hakibaki kitu. Hakuna mtu pale, hakuna tukio, hakuna hata uongo wa kuvutia. Ni mdomo tu umeshikiliwa mbele ya watu ukafunguliwa kwa vidole, kama mnunuzi anavyokagua meno ya ng'ombe.

Na ninajua inaweza kufanywa vizuri, kwa sababu mtu wa Nyeri aliifanya. Wahome Mutahi alizaliwa Nyeri mwaka 1954 na kwa miaka mingi aliandika safu ya Whispers gazetini, mpaka alipofariki mwaka 2003. Mimi nilikuwa mdogo mno kumsoma Jumapili zenyewe. Nilimsoma kwenye vipande vya magazeti ambavyo mjomba alikuwa ameweka kwa sanduku la bati, vimekuwa vya rangi ya chai. Whispers ni mwanamume wa miteremko ya mlima aliyeteremka Nairobi na mlima haukumtoka. Mke wake ni Thatcher, binti yake ni Pajero, mamake kule kijijini ni Appepklonia.

Simama kidogo kwa jina hilo la mwisho. Mimi hulisoma kama Apollonia, jina la mtakatifu, lililoletwa na mapadre, likapita kwa ulimi wa mlimani na kutoka likiwa na konsonanti zaidi ya lilizoingia nazo. Ukilisikia unacheka. Lakini angalia kicheko kinaelekea wapi. Appepklonia anamjua mwanawe ni mlevi na mwongo, na kila Whispers akijifanya msomi, mama yuko pale kumkumbusha alikotoka. Lafudhi ni mlango wa kuingia kwa mtu, na ukishaingia unakuta nyumba nzima: imani yake, hofu zake kuhusu shetani, mapenzi yake yasiyosema mapenzi. Na anayechekwa kuliko wote ni Whispers mwenyewe, yaani mwandishi. Mutahi aliandika Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichopikwa kwa kuni za kwetu, na hakuomba radhi kwa moshi.

Sisemi hana dosari. Thatcher amechakaa. Ukisoma safu kumi mfululizo unachoka na mke ambaye kazi yake ni kuogopwa na kushika pesa ya mume, na najua wanawake wa Nyeri waliochoka zaidi, maana mzaha wa mwanamke wa Nyeri anayempiga bwana umekuwa na maisha marefu na ulipata malezi mazuri kwenye maandishi kama hayo. Hapo Mutahi alifanya kwa wanawake kitu kinachokaribiana na kile ninacholalamikia. Lakini kwa lugha hakukosea. Alijua kwamba mtu anayesema shai ana jambo analosema kuhusu chai.

Tena huyu hakuwa mchekeshaji wa starehe. Alifungwa gerezani mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, akatoka na riwaya, na miaka ya baadaye akapeleka michezo ya kuigiza ya Gĩkũyũ kwenye mabaa, ambako watu walikuwa tayari na chupa mkononi na hawakuhitaji tiketi ya kuingia Kenya National Theatre. Huko baani hakuna aliyeshrabu. Ukiwa kwenu hushrabu.

Upande wa kamusi nao una lake. Mwaka 2003, mwaka huohuo aliokufa Mutahi, Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walitoa kamusi ya Sheng kwa Kiingereza, ikachapishwa na TUKI kule Dar es Salaam. Ni kazi ya maana, na nawaheshimu kwa kukaa chini kuandika maneno ambayo walimu walikuwa wakiyachapia watoto. Lakini kichwa kidogo cha kitabu kinaiita Sheng lugha ya underworld, ulimwengu wa wahalifu, inayohitaji kufumbuliwa kama barua ya majasusi. Hapo walinipoteza. Lugha ambayo mama mboga anamwuliza mteja “ya ngapi, kastoma?” ni ya wahalifu gani? Chege Githiora, miaka kumi na mitano baadaye, alikuja na kitabu kinachoiita Sheng Kiswahili cha kienyeji cha Kenya, na kwa kweli jina hilo peke yake linapumua vizuri zaidi.

Na Sheng ndiyo inayonipa furaha yangu ndogo ya kulipiza kisasi. Mwulize kijana yeyote wa Nairobi, wa kabila lolote, nyanya yake anaitwaje. Shosho. Shosh. Hilo ni cũcũ, na sh yake ni ileile. Mtu wa Buruburu ambaye hajui neno lingine la Gĩkũyũ anamwita mama ya mamake kwa lafudhi ya Tetu na hajui kwamba anashrabu. Mbesha nayo imeanza kutembea, watu wanaisema kwa utani wakitaka pesa, na utani wa leo Sheng hautupi, unauweka akiba. Jamaa aliyeniita Shiis, nilimwona mtandaoni ameandika ujumbe wa kumlilia shosh wake aliyefariki. Nilisoma wote. Nilikuwa na maneno ya kumwandikia kuhusu herufi c na nikaandika pole tu, kwa sababu kweli alikuwa amefiwa.

Nirudi kwa maziwa. Nilipokuwa nikitafuta habari za ile makala ya divai nilisoma kwamba kilo moja ya jibini ngumu hutaka lita kumi hivi za maziwa. Nikampigia mama. Mama hupeleka maziwa kwa ushirika, anayapimiwa asubuhi, anaandikiwa kwenye kitabu, na pesa huja mwisho wa mwezi. Nikamwambia kuhusu lita kumi. Akanyamaza akipiga hesabu.

“Ndoo nzima?”

“Ndoo nzima, mami.”

“Na wanakula kilo moja wangapi?”

Nikamwambia kwa meza ya wageni wanne inaweza kuisha jioni moja, pamoja na divai. Akauliza kama wageni hao hawapewi chakula. Halafu akaniuliza tena lile neno linasemwaje, nikasema, naye akalirudia kwa sh yake iliyonyooka, bila kukwama popote, akasema sawa, akaniambia simu inazima chaji.

Sina ugomvi na jibini. Kenya inaitengeneza, KCC ipo tangu 1925, na kule Tigoni kuna watu wanaoitengeneza vizuri kiasi cha kuwauzia mahoteli makubwa. Lakini kutoka Othaya hadi Nanyuki maziwa ni ya chai, ya watoto, ya ndama na ya kuuza. Neno tumelipata bila kitu chenyewe, na ukiniuliza, hiyo ndiyo sababu limekuwa huru hivyo. Lingekuwa linakaa kwa sahani kila siku lisingepata muda wa kuwa wazimu, rafiki na jina langu la chuo.

Kwenye kamera watu wa dunia hawakubaliani kabisa kuhusu neno hili. Wakorea husema kimchi. Wahispania husema patata, kiazi. Wafaransa, ambao wana jibini kuliko wanavyoweza kuzihesabu, husema ouistiti, na huyo ni tumbili mdogo. Wengi wanatafuta sauti ya i ya kuvuta midomo pembeni. Pale Nanyuki kwenye kibao cha ikweta nimewaona watalii wakisema cheese kwa Kiingereza cha nchi tano tofauti, kila mmoja na lafudhi yake, na wauza vinyago wetu wakiwapigia picha kwa subira bila kuiga mdomo wa yeyote.

Desemba tulikuwa na ruracio ya binamu yangu, upande wa Mathira. Mahema yamefungwa, mazungumzo ya mbuzi yameisha baada ya masaa matatu, wazee wameshiba. Mpigapicha, kijana wa Karatina mwenye drone na kiburi, akapanga ukoo mzima kwa ngazi za nyumba, shosho katikati kwa kiti. Akasema, “Haya watu wangu, semeni cheese!” Ukoo ukasema shiis kwa sauti moja, watu kama arobaini, na mimi nikiwa kati yao nilisikia mwili ukikaza, kisha nikasikia kwamba hakuna aliyecheka kwa sababu hakukuwa na cha kuchekwa.

Ila shosho hakuwa amesema. Masikio yake siku hizi huchagua. Alikuwa amesikia cithiĩ, ambayo kwa Gĩkũyũ ni “ziende”, na siku ya mbuzi mtu akisema ziende, kuna jambo. Akamgeukia mpigapicha, uso umekunjamana, akauliza kwa sauti ya kikao:

“Cithiĩ kũ?” Ziende wapi?

Picha ikapigwa hapohapo. Mpigapicha alipoona imeharibika akataka irudiwe, na safari hii akabadilisha neno, akasema basi semeni mbũri, mbuzi, na hata shosho akasema. Hiyo ya pili ndiyo imetundikwa ukutani kwa shangazi. Mimi niliomba ya kwanza, ile ambayo watu arobaini wanatabasamu na mzee mmoja katikati anataka kujua mbuzi wake wanapelekwa wapi. Ndiyo niliyoweka mbele ya kompyuta ninapofanyia kazi. Leo asubuhi yule mteja wa divai amenitumia oda nyingine. Anataka maneno 1,000 kuhusu namna ya kupunguza lafudhi ndani ya siku thelathini. Bado sijamjibu.